Kuchanganya mawe ya dhahabu kwenye lundo: tandaza kwa urefu, kata kwa upana

Tanki la kwanza limetoa dhahabu vizuri. La pili linasuasua. La tatu limeziba kabisa, dawa imesimama juu kama dimbwi la mvua, na opereta wa loda anaapa kwamba mawe yote ameyachota kwenye lundo moja. Hadanganyi. Lundo ni moja, lakini mle ndani mawe ya kila duara, yaani kila shimo la wachimbaji, yamekaa peke yake.

Mwongozo huu nauandika kwa wanaosimamia uwanja wa mawe kwenye plenti ndogo za matanki huku kwetu Kanda ya Ziwa, kuanzia Misungwi na Sengerema hadi Geita, ambako tipa 1 inaleta udongo mwekundu uliooza wa juu ya duara na inayofuata inaleta jiwe gumu la kijivu lenye pairaiti inayometa, yaani madini ya chuma na salfa. Anayepanga mchanga na kokoto za zege naye atapata cha kuchukua, kwa sababu lundo ni lundo.

Kwanza tuelewane kwa nini tunachanganya. Dawa, yaani maji ya sayanaidi yanayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe, inataka mawe yanayofanana. Udongo mwingi wa mfinyanzi ukiingia kwenye tanki unaziba, dawa haishuki. Jiwe lenye pairaiti linakula sayanaidi na oksijeni kabla dhahabu haijayeyuka. Ukilisha mchanganyiko ule ule tanki baada ya tanki, unaweza kupanga kiasi cha chokaa, cha dawa na siku za kuloweka ukatulia. Ukilisha leo hiki kesho kile, kila tanki ni kazi mpya na kila mara unakisia.

Sasa kanuni. Mwangalie fundi cherehani anayeshona sare za shule. Hakati kitambaa kimoja kimoja. Analaza vitambaa 10 kimoja juu ya kingine, anapitisha mkasi mara 1, na kila pande analonyanyua lina sehemu ya vitambaa vyote 10. Lundo linajengwa hivyo hivyo: unatandaza matabaka membamba yanayofika mwisho wote wa urefu wa lundo, kisha unakuja upande wa kichwa unakata kutoka juu hadi chini, ukivuka matabaka yote. Wengi wanadhani kazi ya kuchanganya inafanywa na loda kwa kukoroga. Loda ikikoroga siku nzima itamaliza dizeli, na mawe makubwa yatazidi kujitenga na unga.

Hatua ya 1: Yajue mawe kabla hayajaungana

Kila tipa inayoingia ipimwe uzito, ipimwe unyevu, na ichukuliwe sampuli. Unyevu watu wanaupuuza. Tipa ya tani 10 yenye unyevu wa asilimia 12 ina mawe makavu tani 8.8 tu; wakati wa masika, ukihesabu zote 10, utatafuta dhahabu ambayo haikuwahi kuwepo.

Sampuli usiichote juu ya tipa kwa chepe. Ulichochota pale ni kile kilichobaki juu baada ya barabara kutikisa, na unga umeshashuka chini. Pitisha mawe kwenye karasha, mashine ya kuvunja mawe, kwanza, halafu chukua yanapoanguka mwishoni mwa mkanda wa konveya: pitisha kopo pana likikata maporomoko yote, kutoka ukingo hadi ukingo, kila baada ya dakika chache zilizopangwa, iwe yanapita mazuri au mabaya. Hapo ndipo mawe yote yana nafasi sawa ya kuingia kwenye kopo. Mfaransa Pierre Gy alitumia maisha yake ya kazi kuijenga nadharia ya kuchukua sampuli, na nafasi hiyo sawa kwa kila chembe ndiyo msingi wake. Ulichokusanya kimwage kwenye turubai, changanya, gawa robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki ya kupeleka maabara. Dhahabu yetu ina tabia ya kuwa na punje nene, kwa hiyo saga zaidi kabla ya kila kugawa. Punje 1 ikiangukia robo hii na si ile, majibu mawili ya mawe yale yale hayatafanana.

Mawe yakiwa ya wateja tofauti, hapa simama kabisa. Kila mwenye mzigo asaini majibu ya sampuli yake, abaki na nusu yake iliyofungwa na kuwekwa lakiri, ndipo mawe yaguswe. Yakishaungana hakuna maabara itakayoyatenganisha. Niliwahi kumwona mzee mmoja amekaa juu ya jiwe langoni siku 2, mawe yake yamesukumwa kwenye lundo kabla majibu hayajarudi. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi sigombi. Naomba tu unionyeshe yangu ni yapi." Sikuwa na cha kumwonyesha. Tangu siku hiyo mawe yasiyo na majibu yanakaa kwenye kona yao yenye kamba, na opereta anajua kwamba kamba ile haivukwi hata kama tanki linasubiri.

Kuna mawe ya kuweka kando moja kwa moja: yenye madoa ya kijani ya shaba. Shaba inabugia sayanaidi. Yawe na lundo lao, uyaingize kidogo kidogo kwa kipimo, au usiyaingize kabisa.

Hatua ya 2: Andaa sakafu

Sakafu ishindiliwe, iwe na mteremko mdogo wa kutoa maji, na mfereji kuizunguka. Juu yake weka tabaka la kokoto maskini, zisizo na dhahabu ya maana, zenye rangi tofauti na mawe yako, unene wa kiganja. Hizo hazichotwi; opereta akiziona ajue amefika mwisho. Bila alama hiyo baketi inachimba ardhi, na tanki la mwisho la kila lundo linakuwa nusu udongo wa uwanjani.

Tenga nafasi ya malundo 2. Moja linajengwa, jingine linaliwa. Ukiwa na nafasi ya lundo 1 utajikuta unamwaga upande huu huku unachota upande ule, na hapo hakuna kuchanganya tena, unapitisha mawe tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lundo

Nichukue mfano wa ukubwa unaowezekana kwa plenti ndogo. Lundo bapa lenye urefu wa mita 20, upana mita 10, kimo mita 2, lina mita za ujazo 400. Mawe yaliyosagwa yakiwa na uzito wa tani 1.6 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 640. Tabaka la sentimita 10 ni tani 32, yaani tipa 3 hivi. Kwa hiyo matabaka 20, tipa 60 na ushei. Miteremko ya pembeni itapunguza kidogo.

Kwa nini 20? Mawe yakiwa yanabadilikabadilika bila mpangilio, mtawanyiko wa gredi, yaani gramu za dhahabu kwa tani, unapungua kwa kugawanya na kipeuo cha pili cha idadi ya matabaka. Matabaka 4 yanaupunguza kwa nusu. Matabaka 20 yanaushusha hadi chini kidogo ya robo. Kufika moja ya sita utahitaji matabaka 36, na kwa uwanja mdogo jasho hilo halilipi. Ukiwa na 20 yaliyolazwa vizuri umepata sehemu kubwa ya faida.

Wastani wenyewe ni hesabu ya sokoni: tani 300 za gramu 2 kwa tani, ukiongeza tani 100 za gramu 6, ni gramu 1,200 ndani ya tani 400, sawa na gramu 3 kwa tani. Ipige hesabu hii kwa tani kavu kabla ya kumwaga tipa ya kwanza, uiandike ubaoni. Utairudia mwishoni.

Hatua ya 4: Tandaza

Hapa ndipo lundo linapona au linapokufa, nitakaa hapa kidogo.

Usimwage mahali pamoja. Ukimwaga mahindi yenye pumba kutoka kwenye debe, unaona punje zinavyokimbilia chini pembeni na pumba zinavyobaki katikati. Mawe ni hivyo hivyo. Lundo lililochongoka lina mkufu wa mawe makubwa chini na moyo wa unga ndani, na kadiri unavyomwaga kutoka juu ndivyo yanavyozidi kutengana. Kwa hiyo mimina kutoka kimo kifupi, na yaloweshe kidogo. Unyevu kidogo unashikisha unga kwenye mawe, na unatuliza vumbi. Vumbi la mawe yetu lina silika inayoua mapafu polepole. Vijana wavae barakoa za kweli, kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Tipa inamwaga ikitembea pole pole, kisha loda inasawazisha kwa mgongo wa baketi mpaka tabaka lifikie sentimita 10. Weka vigingi pembeni vyenye alama za rangi kila sentimita 10, jicho la opereta lisiwe ndiyo futi. Loda ipande kwa njia yake ya mteremko mdogo, isikaribie ukingo. Mawe yaliyomwagwa karibuni hayabebi tairi.

Ukiwa na konveya ya magurudumu una mitindo mingine 2. Wa kwanza ni wa paa: mdomo wa konveya unakwenda na kurudi juu ya mstari wa katikati, kila safari inafunika mgongo wa ile iliyotangulia kama nyasi za paa. Ni rahisi, ila mawe makubwa yanaserereka chini pande zote 2. Wa pili ni wa matuta. Unamwaga matuta madogo sambamba, kama matuta ya viazi vitamu ya shamba lolote la Usukumani, kisha unaweka mengine kwenye mabonde yaliyobaki kati yake. Kimo cha kuteremka ni kifupi, mawe makubwa hayana pa kukimbilia. Kazi ni kubwa zaidi, lakini kwa mawe yenye udongo mwingi mimi naupenda wa matuta.

Sasa kosa ambalo lilinigharimu. Nilikuwa kwenye plenti moja, mawe mengi yakitoka ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Daraja la J.P. Magufuli lilikuwa halijafunguliwa, hivyo tipa zilivuka kwa kivuko cha Busisi hadi Kigongo. Zilikuwa 3, kila moja na duara lake, na karibu kila safari zilishuka kivukoni kwa mpangilio ule ule. Tabaka letu lilitaka tipa 3. Ya kwanza ikamwaga kusini, ya pili katikati, ya tatu kaskazini. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Tulikuwa na matabaka 20 yaliyonyooka kama meza, nikapiga picha kwa furaha. Tulipoanza kukata kutoka kusini, matanki 3 ya mwanzo yalikuwa ya duara moja tupu. Lundo zima lilikuwa malundo 3 yaliyopangwa mstari mmoja.

Loda haikuwa na kosa, wala matabaka hayakuwa machache. Kila tabaka lilirudia lile la chini yake. Basi shika hivi: kila tipa itandazwe urefu wote wa lundo, hata kama tabaka lake litakuwa jembamba sana. Ikishindikana, badilisha mwanzo: tabaka la kwanza lianzie kusini, la pili kaskazini, la tatu katikati, na uandike kwenye daftari kila tipa iliangukia wapi. Kivuko sasa kimepumzika, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 magari yanapita muda wote, lakini bado utakuta duara la karibu linawahi kila asubuhi. Mpangilio wa namna hiyo haujitangazi. Unauona kwenye daftari tu.

Chokaa nayo inyunyizwe hapa, juu ya kila tabaka kwa kipimo, ili ikatwe pamoja na mawe. Baadaye tankini pH, kipimo cha ukali wa maji, lazima iwe imepanda na kushikilia 10.5 au zaidi kabla sayanaidi haijaingia. Ikishuka, sayanaidi inageuka gesi ya sumu, na gesi hiyo inaua.

Mvua za ziwani hazipigi hodi. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, turubai likae karibu na lundo, si stoo. Mvua 1 kubwa inaosha unga kutoka juu na kuushusha pembeni, na kazi ya wiki nzima inabadilika usiku mmoja.

Hatua ya 5: Kata

Simama kwenye kichwa cha lundo, upande ule wa upana wa mita 10. Baketi iingie chini, ipande ikikwangua uso mpaka juu, ijae kwa mawe ya matabaka yote 20. Isogee upande, irudie, mpaka ivuke upana wote. Hicho ndicho kipande 1 kamili. Kwa lundo letu la mfano, kipande cha nusu mita kwenda ndani kina mita za ujazo 10, tani 16. Baketi ya mita 1.5 za ujazo inakimaliza kwa safari 6 au 7. Tanki la tani 64 linakula vipande 4 kamili.

Sheria ambayo haina msamaha: usiache kipande katikati. Opereta akiona tanki linakaribia kujaa atachota palipo karibu, kona ile ile kila siku, na pembeni ndiko mawe makubwa yaliko. Nilimwuliza mmoja mbona uso wa lundo lake umepinda kama mundu. Akasema, "Bosi, hapa nageuka vizuri." Alikuwa mkweli, na tangu hapo nikaelewa kwamba njia ya kugeukia loda lazima ipangwe kabla ya lundo kujengwa. Mtu anayegeuka kwa shida mara 60 kwa zamu ataitafuta njia ya mkato, na wewe ungefanya vivyo hivyo.

Opereta asichimbe chini kukaacha ukuta umening'inia. Uso wa mita 2 ukianguka unamfunika mtu aliyeinama kuokota spana. Hakuna anayesimama mguuni pa lundo wakati linakatwa, hata msimamizi.

Ukifika tankini usiharibu ulichojenga. Baketi zote zikimwagwa katikati unapata lundo lililochongoka ndani ya tanki, mawe makubwa yanakimbilia ukutani, na dawa itapita hapo hapo ukutani ikiuacha moyo mkavu. Tandaza kwa reki kila baada ya baketi chache.

Hatua ya 6: Kagua

Chukua sampuli ya kila tanki linapojazwa. Matanki 10 ya lundo 1 yakija, kwa mfano, kati ya gramu 2.8 na 3.2 wakati tipa zako zilikuwa kati ya 1.5 na 6, umefanya kazi. Yakitawanyika, namna yalivyotawanyika itakuambia pa kutazama.

Gredi ikipanda au kushuka polepole kutoka tanki la 1 hadi la 10, kosa liko kwenye kutandaza: kichwa kimoja cha lundo kilipendelewa. Rudi kwenye daftari la tipa. Ikiruka juu chini bila utaratibu, mtazame opereta, vipande havikamilishwi. Matanki yote yakikubaliana lakini yakawa mbali na ule wastani ulioandika ubaoni, mchanganyiko wako ni mzuri na kosa liko kwingine: sampuli za langoni, unyevu, au baketi inayochimba sakafu. Na tanki likiziba ingawa gredi iko sawa, udongo wa mfinyanzi umezidi kwenye hesabu yenyewe. Punguza tipa za udongo mwekundu kwenye lundo linalofuata au ongeza jiwe gumu.

Hatua ya 7: Vichwa vya lundo

Ncha 2 za lundo zina mteremko, kwa hiyo kipande cha kwanza kabisa kina matabaka ya chini tu, na cha mwisho vivyo hivyo. Usivipeleke tankini. Vichukue, uvipime, uvitandaze kama tabaka la kwanza la lundo linalofuata, urefu wote, kama tipa nyingine yoyote. Mabaki ya sakafuni yafagiwe kwa mkono hadi kwenye kokoto za alama, yapelekwe huko huko. Kisha vuta kamba, hesabu vigingi, na uandike kwenye daftari tabaka linalofuata linaanzia upande gani.